Mto Mmoja, Ndimi Mbili



Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alinijia baada ya masomo, ameshika kitabu kikuukuu cha Kiingereza ambacho mjomba wake alikipata sokoni katikati ya nguo za mitumba. Kilikuwa kitabu cha mashairi ya Marekani. Kijana huyo hajui Kiingereza kingi, lakini liko neno moja asiloweza kulipita bila kulisoma, nalo ni jina la nchi yake. Alikuwa amelikuta mara nyingi katika shairi moja, tena kwa herufi kubwa. Akafurahi, akaazima kamusi, akakaa juma zima akifasiri neno kwa neno. Alipofika kwangu furaha ilikuwa imekwisha. Akaniuliza, “Mwalimu, huyu aliyeandika haya alifika kwetu lini?”

“Hakufika hata siku moja,” nikamjibu.

Mtunzi wa shairi lile ni Vachel Lindsay, Mmarekani mweupe, mzaliwa wa Springfield katika jimbo la Illinois. Alisikia mahubiri juu ya mmisionari aliyekufa maji katika Kongo, habari ikamwingia moyoni, akatunga shairi refu lililompa sifa kubwa. Likatoka katika kitabu mwaka wa 1914. Lina sehemu tatu. Ya kwanza yahusu kile alichokiita ushenzi wa asili wa watu weusi, ya pili uchangamfu wao usiozuilika, ya tatu tumaini la dini yao. Pembeni mwa beti aliandika maagizo ya namna ya kutoa sauti: hapa iwe nzito, hapa ya kunong’ona, hapa ifuate kishindo cha ngoma. Katika shairi hilo mto wetu ni njia ya kuingilia mahali penye hofu, na watu wa kandokando yake hawana kazi ila kuruka, kupiga mayowe na kuwaogopa wachawi.

Yafaa niseme haki. Lindsay hakuwa mtu wa chuki. Katika shairi lile lile amemweka mfalme Leopold wa Pili motoni, mashetani wakimkata mikono, maana habari za mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira katika miaka ya 1885 hadi 1908 zilikuwa zimeenea duniani. Alituhurumia kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtatiza mwanafunzi wangu. Mtu anayekuchukia utapata la kumjibu. Anayekuhurumia huku akikuita mshenzi, utamjibu nini?

Nikamwambia arudi kesho yake, nami nitampa shairi jingine la Kimarekani, fupi kuliko ukurasa, ambamo mto wetu umetajwa mara moja tu.

Maji na zaidi ya maji

Kwanza tuelewane juu ya neno “ishara”. Sisi tuliokariri katekisimu tangu utoto hatuoni shida hapo: maji ya ubatizo ni maji, tena ni zaidi ya maji. Mshairi naye hushika kitu kinachoonekana, jiwe au ndege au mto, akakitwika jambo lisiloonekana. Lakini ishara ya mshairi imewekwa na binadamu, na jicho la binadamu huyo likiwa na kasoro, ishara yake nayo itakuwa na kasoro. Mto haukuomba kuitwa giza. Joseph Conrad, Mpolandi aliyeandika kwa Kiingereza, alipanda mto wetu mwaka wa 1890 katika meli iitwayo Roi des Belges mpaka maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo. Hadithi yake iliyotoka mwaka wa 1899 inawashtaki vikali wafanya biashara wa pembe. Lakini wenyeji waliomo humo karibu hawasemi neno, na jina la hadithi yenyewe limetufanya sisi kuwa moyo wa giza. Mwaka wa 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alisimama huko Marekani akaipinga hadithi hiyo mbele ya wasomi, na ubishi aliouzusha haujaisha.

Wala ishara si mali ya wenye nguvu peke yao. Zamani za utumwa, majimbo kadhaa ya kusini mwa Marekani yalikataza kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Mtu aliyenyimwa herufi akabaki na wimbo. Akaimba habari za Waisraeli, za Farao, za kuvuka Yordani na kuingia Kanaani, na bwana wake akisikia alifurahi kuwa na mtumwa mwenye kumcha Mungu. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka wa 1838, alieleza katika kitabu chake cha 1855 kwamba yeye na wenzake walipoimba Kanaani walimaanisha kaskazini, kwenye majimbo yasiyo na utumwa. Na Yordani yao ilikuwa wapi? Kwa wengi ilikuwa mto Ohio, mpaka kati ya Kentucky ya utumwa na ng’ambo ya uhuru. Wahenga wetu wangeliita jambo hilo fumbo: wamfumbia mjinga, mwerevu huling’amua. Pale mjinga alikuwa ndiye mwenye mjeledi.

Kijana katika garimoshi

Mtunzi wa shairi nililomwahidi mwanafunzi wangu ni Langston Hughes, aliyezaliwa mwaka wa 1901 huko Joplin, jimbo la Missouri. Baba yake alisomea sheria, lakini ubaguzi wa rangi ulimfungia mlango wa uwakili. Akahamia Mexico akapata mali. Mama alihangaika mji hata mji akitafuta kazi. Mtoto akalelewa na bibi yake, Mary Langston, huko Lawrence katika Kansas. Bibi huyo alikuwa na shali yenye matundu ya risasi. Ilikuwa ya mume wake wa kwanza, Lewis Sheridan Leary, mmoja wa watu weusi waliomfuata John Brown mwaka wa 1859 walipovamia ghala ya silaha ya Harpers Ferry wakitaka kuwafungua watumwa. Leary alikufa huko. Mtoto Langston alipolala, bibi alimfunika kwa shali hiyo.

Mwaka wa 1920, alipokwisha maliza shule ya sekondari mjini Cleveland, Hughes alipanda garimoshi kwenda kwa baba yake Mexico. Alitaka msaada wa karo ya chuo kikuu. Hakuwa na raha na safari hiyo. Baba yule, aliyekimbia dharau ya weupe, alikuwa amejifunza kuwadharau weusi wenzake. Hughes ameandika mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1940, kwamba njia nzima alikuwa akiliwaza jambo hilo asilifahamu, maana yeye aliwapenda watu wake. Jua likizama garimoshi likaanza kuvuka Mississippi karibu na mji wa St. Louis. Akatazama dirishani, akaona maji yale mapana yenye matope. Akatoa mfukoni barua ya baba yake, na juu ya bahasha akaandika shairi. Anasema lilimchukua dakika kumi au kumi na tano.

Tukumbuke Mississippi maana yake nini kwa mtu mweusi wa Marekani. Baada ya mwaka wa 1808, ilipokatazwa kuingiza watumwa wapya kutoka Afrika, biashara iligeukia ndani. Watu karibu milioni moja waliondolewa katika majimbo ya juu kama Virginia, Maryland na Kentucky, wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba na miwa ya kusini, wengine kwa miguu, wengine kwa meli za mtoni. Mtumwa aliogopa kuliko fimbo kusikia kwamba atauzwa huko chini mtoni, maana aliyekwenda huko hakumwona tena mke wala mtoto. Na daraja za St. Louis nazo zina kumbukumbu yake. Mwezi wa Julai 1917, miaka mitatu kabla ya safari ya Hughes, umati wa weupe uliwashambulia weusi katika mji wa East St. Louis, ng’ambo ya pili, ukachoma nyumba zao na kuua watu kwa makumi. Waliookoka walikimbia juu ya daraja kuuvuka mto huo huo.

Sasa soma shairi lenyewe, ndugu msomaji, utafute humo mjeledi: haumo. Utafute jina la aliyeua: halimo. Hamna hasira, hamna laana, hamna hata ombi. Msemaji ataja mito minne tu, Frati, Kongo, Nili na Mississippi, na kila mmoja asema alikuwapo na alifanya nini huko: kuoga, kujenga, kulala, kusikiliza. Anayejua Maandiko atakumbuka kwamba bustani ya Edeni nayo ilikuwa na mito minne, na Frati ni mmoja wao. Kwa hiyo huyu ambaye sheria za jimbo zilimhesabu kuwa mtu wa jana, asiye na asili ila ghala la mwuza watu, anaanza nasaba yake mahali pale pale inapoanza nasaba ya Adamu. Hajibishani na anayemwambia kwamba hana historia. Anaanza kusimulia tu, kama mzee aliyekaa barazani ambaye hana haraka.

Shairi lilichapwa mwezi wa Juni 1921 katika gazeti la The Crisis, lililoongozwa na W. E. B. Du Bois kwa niaba ya chama cha kutetea haki za watu weusi. Siku za mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni ule, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, mtaa mzima wa watu weusi uitwao Greenwood uliteketezwa kwa moto na umati wa weupe. Bila shaka wako waliosoma shairi la mito huku pua zao zikiwa bado na harufu ya moshi.

Darasani

Kesho yake kijana alirudi, naye hakuja peke yake. Alileta wenziwe sita. Nililiandika shairi ubaoni kwa Kiingereza, tukaanza kulifasiri pamoja. Kwa kweli nilidhani mimi ndiye nitakayefundisha.

Tulipofika mahali penye Kongo, ambapo msemaji ana kibanda kando ya mto nao unambembeleza apate usingizi, binti mmoja akacheka. Akasema, “Mwalimu, kwetu mto ni wa maji, na mto ni wa kuwekea kichwa. Huyu alijuaje?” Hughes hakujua, maana hakujua Kiswahili. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuusoma mstari ule bila kuona mto ukiwa chini ya kichwa cha mtoto.

Neno la pili lilikuwa “kina”. Wanafunzi walilalamika kwamba shairi halina vina, nao wamezoea tenzi na mashairi ya pwani ambayo bila vina huhesabiwa kuwa maneno matupu. Nikawaonyesha kwamba neno ambalo Hughes hulirudia, akitaka kusema roho yake imekuwaje kwa kuijua mito hiyo, ni lile lile kwa Kiswahili: kina. Mmoja akasema basi huyu alitupa vina akabaki na kina. Sikuona la kuongeza.

Shida ilitokea kwenye “mimi”. Mtu mmoja awezaje kuoga katika Frati zamani za kale, akajenga piramidi, tena akasikiliza Mississippi wakati Abraham Lincoln, angali kijana, aliposhuka mpaka New Orleans? Katika vitabu vya Kizungu waalimu hueleza jambo hili kwa kurasa nyingi. Kwetu halihitaji ukurasa. Mzee wa ukoo akisimulia vita vya babu wa babu yake husema, “Hapo ndipo nilipovuka, hapo ndipo niliponyang’anywa mbuzi wangu,” wala hakuna mtoto anayeuliza mzee ana miaka mingapi. Huo ndio “mimi” wa Hughes. Aliukosa kwa baba yake, ambaye hakutaka kuhesabiwa pamoja na watu wake. Akaupata kwenye bahasha ya baba huyo huyo.

Ndipo yule kijana wa kwanza aliponitia jasho. Akauliza, “Na huyu Hughes, yeye alikuwa amefika Kongo?”

Nikalazimika kusema kweli. Hakuwa amefika. Mwaka wa 1920 hakuwa ameiona Afrika kwa macho. Alifika mwaka wa 1923, akiwa mtumishi wa meli ya mizigo iliyopita bandari nyingi za pwani ya magharibi, na huko alipata kitu asichokitazamia: wenyeji walimtazama rangi yake ya maji ya kunde na nywele zake, wakakataa kwamba ni mtu mweusi. Aliumia, naye ameandika wazi kwamba aliumia. Tena kibanda chake cha amani kando ya Kongo hakina habari za mpira wala za mikono iliyokatwa, ingawa katika jambo hilo Lindsay aliyataja. Ukipima kwa ujuzi wa nchi, wote wawili waliota ndoto.

Darasa likanyamaza. Nikaona nisipojibu vema nitakuwa nimewaambia kwamba ndoto moja ni sawa na nyingine. Nikawaambia watafute katika mashairi yote mawili nafsi ya kitenzi. Hawakuchelewa kuiona. Lindsay katika vichwa vya sehemu zote tatu asema “wao”: ushenzi wao, uchangamfu wao, tumaini lao. Mto ni mahali wanapokaa wengine, naye amesimama mbali akiwatazama. Hughes asema “mimi” tangu neno la kwanza. Mmoja ametumia nafsi ya tatu, mwingine nafsi ya kwanza, na Kiswahili chetu, kama mnavyojua, huita kwa neno moja nafsi ya sarufi na nafsi ya mtu. Anayekuweka katika nafsi ya tatu siku zote, hata akikuhurumia, hajakupa nafsi.

Hapa naomba ruhusa ya kusema jambo moja lisilopendeza. Baada ya somo nilijiuliza kama sisi watu wa Lualaba tumeusimulia mto wetu kwa nafsi ya kwanza. Lugha hii ninayoandika ilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Kasongo na Nyangwe zilikuwa vituo vya wafanya biashara hao. Mwezi wa Julai 1871 David Livingstone alikuwapo Nyangwe siku watu wenye bunduki walipofyatua risasi katikati ya soko. Wengi waliokuwa sokoni walikuwa wanawake. Walikimbilia mtoni, wakazama. Habari hiyo dunia inaijua kwa sababu Mskoti aliiandika katika daftari yake. Kiswahili siku ile kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Leo mama wa Kindu humbembeleza mtoto wake kwa lugha hiyo, naye haoni kwamba ameazima kitu cha mtu. Lugha inaweza kubadili mikono. Lakini shairi la wale wanawake wa Nyangwe, katika lugha hii, bado nalitafuta.

Sahani za Washington

Iko hadithi ya kweli inayowakutanisha washairi wetu wawili, na kama ingekuwa mchezo wa kuigiza ningesema mtunzi amezidisha.

Mwishoni mwa mwaka wa 1925 Hughes alikuwa akifanya kazi ya kuondoa sahani mezani katika hoteli ya Wardman Park mjini Washington. Akasikia kwamba mgeni mmoja wa hoteli ni Vachel Lindsay, na kwamba usiku ule atasoma mashairi yake katika ukumbi uliomo humo humo. Hughes asingeweza kwenda kusikiliza, kwa kuwa watu weusi hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Basi wakati wa chakula alipita karibu na meza ya Lindsay, akaweka kando ya sahani yake mashairi matatu aliyoyaandika, akasema maneno machache kwa haya, akaondoka haraka. Usiku Lindsay aliwaambia wasikilizaji wake kwamba amegundua mshairi, mtumishi wa hoteli, akawasomea yale matatu. Asubuhi waandishi wa magazeti walikuwa wakimtafuta kijana huyo katikati ya masahani.

Tumpe Lindsay sifa yake; wangapi wangeyatupa makaratasi yale pamoja na mifupa ya kuku? Lakini neno lile “kugundua” lanikumbusha wale waliogundua mito ambayo watu walikuwa wakiivua samaki tangu zamani. Shairi la mito lilikuwa limekwisha chapwa miaka minne. Katika mwaka ule ule wa 1925 Hughes alikuwa amepata zawadi ya kwanza ya mashairi ya gazeti la Opportunity, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa tayari kimekubaliwa na mchapishaji. Kilitoka mwezi wa Januari 1926. Na usiku ule yeye peke yake, ambaye mashairi yalikuwa yake, ndiye hakuwamo ukumbini.

Sauti yake ilivuka bahari kabla ya miaka mingi. Mjini Paris, gazeti la La Revue du Monde Noir, lililotoka katika miaka ya 1931 na 1932, lilimtangaza kwa wasomaji wa Kifaransa, na vijana kama Léopold Senghor, aliyesoma kwa mapadri huko Senegal, na Aimé Césaire wa Martinique walimsoma wakajiona. Ni Senghor huyo aliyeandika dibaji ya Esanzo, kitabu cha mashairi cha ndugu yetu Antoine-Roger Bolamba, kilichotoka Paris mwaka wa 1955. Bolamba, mzaliwa wa Boma, alikuwa akiongoza La Voix du Congolais, gazeti lililotegemea serikali ya kikoloni, naye ilimbidi kupima kila neno. Katika mashairi yake usitafute madai ya siasa. Utakuta ngoma, msitu, usiku, na jina la kitabu lenyewe ni la chombo cha muziki. Wapo wanaomlaumu kwa woga. Mimi nawarudisha kwa wale walioimba Yordani mbele ya bwana wao.

Hughes naye alirudi kwetu mara moja zaidi. Patrice Lumumba aliuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa kwa asidi ili pasiwepo kaburi. Hughes aliandika shairi fupi juu ya kaburi hilo lisilo na alama. Limo katika kitabu chake cha mwisho cha mashairi, kilichotoka mwaka wa 1967, mwaka ambao mwenyewe alifariki. Safari hii hakutaja mto. Ishara aliyoichagua ni kutokuwapo kwa ishara. Mwaka wa 2022 Ubelgiji iliwakabidhi watoto wa Lumumba jino moja, ndilo lililobaki, likaletwa nchini, likapumzishwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mwezi ule niliwasomea wanafunzi shairi hilo, na hatukulifasiri.

Majivu ya Hughes yako New York, katika mtaa wa Harlem, ndani ya jumba la vitabu na kumbukumbu za watu weusi liitwalo Schomburg. Yaliwekwa mwaka wa 1991 chini ya sakafu, na juu yake mafundi walichora duara kubwa la rangi lenye njia za maji, wakaliita Mito. Mfano wa duara hilo walijifunza kwa Wabakongo, watu wa mdomo wa mto wetu, ambao huchora duara lenye msalaba, na mstari wa kati ni maji yanayowatenga walio hai na waliotangulia. Siku ya kulizindua, washairi wawili, Maya Angelou na Amiri Baraka, walisimama juu ya sakafu ile wakacheza ngoma. Nilimwonyesha yule kijana picha yao. Aliitazama kitambo, akaniuliza kama inaruhusiwa kucheza juu ya kaburi la mtu, kisha akajijibu mwenyewe kwamba kwao, katika matanga ya mzee aliyeishi vema, hufanywa hivyo hivyo.